Kuanza kuwekeza kwenye nyumba na ardhi Zanzibar: mwongozo kwa anayeanza

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar. Ile ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Watu zaidi ya nusu milioni wameongezeka ndani ya miaka kumi, na visiwa ni vile vile. Kila mmoja anataka pa kulala, wengi wanataka karibu na mjini, na ndiyo maana mwalimu wa skuli, nesi, mwenye duka na kijana aliyerudi Omani na akiba yake wote wanauliza suala moja: nikitaka kuwekeza kwenye nyumba, nianzie wapi?

Jibu langu: anzia kwenye karatasi, kisha kwa mpangaji wa kawaida anayeishi mwaka mzima. Pwani na hoteli ziache kwanza. Nimeona pesa za miaka mingi ya jasho zikipotea kwenye viwanja vizuri sana kwa macho, na karibu kila mara tatizo halikuwa kiwanja. Lilikuwa ni mtu wa tatu mwenye haki ndani yake, ambaye mnunuzi hakumuuliza.

Hatua ya kwanza: jua unanunua nini hasa

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ya Zanzibar ilifanywa mali ya Serikali, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Sheria ya ardhi Namba 12 ya 1992 imelishikilia hilo hilo. Kwa hiyo mtu akikwambia "nakuuzia ardhi yangu", anachoweza kukuhaulishia, yaani kukuhamishia, ni haki ya matumizi ya ardhi, pamoja na kilichojengwa au kupandwa juu yake. Haki hiyo kwa Mzanzibari inaweza kurithiwa na kuhaulishwa, lakini ina masharti yake, na isipotumika inavyotakiwa Serikali inaweza kuirejesha.

Asiye Mzanzibari hupita mlango mwingine: hukodi ardhi kwa miaka maalumu kupitia Mamlaka ya Ukuzaji Vitega Uchumi (ZIPA), au hununua fleti kwenye miradi iliyoruhusiwa, kama ile ya Fumba, chini ya sheria ya 2010 inayompa mtu umiliki wa fleti ndani ya jengo la wengi. Usikubali kutumia jina lako kumfichia mtu wa nje kiwanja, hata kama ni rafiki na anakulipa. Siku mkikorofishana hakuna mahakama itakayowapenda nyote wawili.

Sasa, ardhi ya pahala pamoja na ya pengine hazifanani. Kabla hujauliza bei, uliza hii ni ardhi ya namna gani.

Ziko zinazoitwa eka tatu. Hizi ni zile ambazo Serikali ya Mapinduzi iliwagaia wananchi kwa ajili ya kilimo, na mwenye kugaiwa hakupewa ruhusa ya kukata vipande na kuuza atakavyo. Mji ulipotanuka kuelekea wilaya za Magharibi na Kati, nyingi zimekatwa viwanja kimya kimya, na wanaonunua hujikuta na karatasi ya mauziano ambayo haiwafikishi popote. Ukisikia neno eka tatu, simama hapo hapo mpaka Kamisheni ya Ardhi ikwambie kwa maandishi nini kinaruhusiwa.

Iko wakf, yaani mali iliyowekwa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Wakf haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe na mashamba kadhaa ni wakf, na anayeishi humo anaweza kuwa amekaa miaka arubaini bila ya kuwa mwenyewe. Uliza kwenye Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, ambayo ndiyo yenye kumbukumbu zake.

Halafu kuna miti. Kwa desturi yetu, na sheria inalitambua hilo, mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwingine. Unanunua kiwanja Kizimbani au kule Wete, unataka kumwaga msingi, anatokea mzee na kijana wake: mnazi ule pale katikati ni wa marehemu baba yao. Hawakudanganyi. Kwa hiyo hesabu miti iliyomo, uliza kila mmoja wa nani, na uandikwe ndani ya mkataba: minazi mitatu, mkarafuu mmoja, muembe mmoja, yote imeingia kwenye mauziano na wenyewe wamelipwa.

Hatua ya pili: warithi

Hili nitalikalia zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya nyumba na viwanja vinavyouzwa visiwani ni vya marehemu fulani.

Chukua familia moja. Baba amefariki, wazazi wake walishatangulia, ameacha mjane, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu. Kwa hesabu ya mirathi, mjane ana thumuni, yaani sehemu moja ya nane. Saba za nane zinazobaki wanagawana watoto, mwanamume mafungu mawili kwa fungu moja la mwanamke. Kwa hiyo kila binti anapata moja ya nane na kila mtoto wa kiume mbili za nane. Sasa angalia: yule kaka mkubwa anayekupokea barazani, anayekupa kahawa na kukutajia bei, ana robo ya nyumba ile. Robo. Robo tatu zilizobaki ziko kwa mama yake, ndugu yake na dada zake, na pengine mmoja wao yuko Tanga, mwingine Maskati, na hajaambiwa chochote.

Dada ndio wanaosahauliwa zaidi, na mara nyingi si kwa bahati mbaya. Huambiwa wameolewa, wana kwao. Mnunuzi mwenye akili, na mwenye kuogopa haki ya mtu, huwatafuta mwenyewe. Mwambie muuzaji kwa heshima: "Kaka yangu, nataka kuwasalimia ndugu zako wote kabla sijatoa pesa." Akikasirika, umeshapata jibu.

Unachotaka kukiona ni cheti cha kifo, uthibitisho wa warithi na mgao uliopita kwenye Mahakama ya Kadhi au Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, kisha sahihi ya kila mrithi. Aliye mbali atoe wakala kwa maandishi rasmi. Sauti ya WhatsApp haitoshi. Kama kuna mtoto mdogo miongoni mwao, fungu lake lina ulinzi wake na hakuna ami wala mjomba anayeweza kulisainia juu juu. Na kama babu aliyeandikwa kwenye hati naye alikuwa na warithi ambao mirathi yao haijagawiwa, rudi nyuma mpaka kwa babu. Kazi inachosha, lakini ni ya mara moja. Kesi inaweza kukufuata miaka mingi.

Hatua ya tatu: hesabu

Fanya hesabu kwenye karatasi kabla hujaenda kuona chochote, kwa sababu ukishaona embe zinaning'inia na upepo unavuma, hesabu inakuwa ngumu.

Tuchukue mfano wa kujifunzia tu. Nyumba ya vyumba vinne vya kupangisha, kila chumba shilingi 80,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 3,840,000. Wengi husimama hapo. Wewe endelea: chumba hakikai na mtu miezi kumi na mbili kila mwaka, kwa hiyo hesabia miezi kumi, inakuwa 3,200,000. Toa 400,000 za rangi, bati, mabomba na karo la choo. Umebaki na 2,800,000. Kama kununua na kumalizia nyumba hiyo kumekugharimu 28,000,000, pesa yako itarudi kwa miaka kumi. Je, unaridhika? Wengine wataridhika, kwa sababu nyumba bado ipo na pengine thamani ya pahala imepanda. Lakini usijidanganye kwamba ni miaka saba.

Kuhusu pesa zenyewe: wengi hapa hawataki riba, na wana njia. PBZ, Benki ya Watu wa Zanzibar, ina huduma za Kiislamu, na benki nyingine kadhaa zina dirisha kama hilo. Uliza kuhusu murabaha (benki inanunua kitu na kukuuzia kwa faida inayojulikana) na ijara (benki inakukodisha), uonyeshwe jumla utakayolipa mpaka mwisho, kisha ulinganishe. Wengi zaidi hukusanya polepole kwa upatu na akiba, wakajenga chumba kwa chumba. Njia hiyo ni ndefu ila haikuweki kwenye shida ukifukuzwa kazi.

Iko na njia ya ubia, ambayo mimi naipenda kwa anayeanza. Shangazi ana kiwanja na hana pesa, wewe una pesa na huna kiwanja. Mnajenga vyumba sita, mnagawana kodi kwa miaka mliyokubaliana. Andikeni. Andikeni nani anatoa nini, kodi inagawanywaje, nani anatengeneza choo kikiharibika, na ikiwa mmoja wenu atafariki fungu lake linaendaje. Undugu haupungui kwa kuandika. Aya ya deni ndani ya Sura ya Baqara imeamrisha maandishi na mashahidi, na ndiyo aya ndefu kuliko zote.

Hatua ya nne: pahala

Mtazame mpangaji kabla ya kuutazama mtaa. Wanafunzi wa vyuo viwili vya Tunguu, SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) na Chuo Kikuu cha Zanzibar, wanahitaji vyumba vya bei ndogo na daladala karibu. Wafanyakazi wa hoteli za Paje, Jambiani na Nungwi wanahitaji pa kulala, na wengi wao wanabanana. Mwenye vyumba safi vya wafanyakazi kijijini, nyuma ya barabara, anaweza kupata kodi ya uhakika kuliko aliyekopa kujenga bangaloo la wageni. Chake Chake na Wete kuna walimu, madaktari na watumishi wanaohamishiwa kila mwaka, na nyumba nzuri za kupanga huko ni chache kuliko watu wanavyodhani. Kwa Pemba kumbuka pia karafuu: msimu ukiwa mzuri pesa zinaingia mikononi mwa watu, na wauzaji wa viwanja hawaharakishi. Anayetaka kununua kwa utulivu hangoji msimu.

Ukishapata pahala, nenda ukapaone wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, mvua ikiwa imetoka kunyesha. Kiwanja kinachouzwa rahisi mwezi wa Januari kinaweza kuwa bwawa mwezi wa Aprili. Watu wa Mwanakwerekwe na Kibonde Mzungu hawahitaji kuelezwa hilo. Tazama ukuta wa nyumba ya jirani, ule mstari wa tope ulioachwa na maji, upime kwa goti lako.

Onja maji ya kisima. Vijiji vya pwani vina visima vya maji ya chumvi, na mpangaji atakayenunua maji ya kunywa na kupikia kila siku atakulipa kodi ndogo. Uliza maji ya ZAWA, mamlaka ya maji, yanatoka siku ngapi kwa wiki, na umuulize jirani, usimuulize dalali. Angalia nguzo ya umeme iliyo karibu iko umbali gani, maana kuvuta nyaya ni pesa. Kama ardhi ni ya mawe ya matumbawe, muulize fundi gharama ya kuchimba karo, kwa sababu sululu hapo hazifanyi kazi ya haraka.

Hatua ya tano: ukaguzi na mauziano

Tembea mipaka na majirani wa pande zote nne, pamoja na muuzaji, mchana. Karatasi za kwetu huandika mipaka kwa majirani: kaskazini kwa fulani, kusini njia, mashariki kwa fulani. Kila aliyetajwa asimame pale na akubali. Kisha mlipe mpimaji anayetambulika apime upya, kwa mita, aweke alama. Ukipima kwa hatua za miguu, ujue hatua za muuzaji ni fupi kuliko zako.

Nenda kwa sheha, kiongozi wa Serikali wa mtaa au kijiji, yaani shehia. Sheha anajua ugomvi wa shehia yake: nani amemshitaki nani, kiwanja gani kimeuzwa mara mbili, wapi Serikali imepanga kupitisha barabara. Lakini ifahamike vizuri kazi ya muhuri wake. Unathibitisha kwamba mmeuziana mbele yake, haukupi haki ya matumizi. Watu wengi mno wana karatasi ya sheha kwenye sanduku na wanaamini wana hati.

Kutoka kwa sheha nenda Kamisheni ya Ardhi, upekue kumbukumbu: eneo limesajiliwa kwa jina la nani, ni la makaazi, kilimo au utalii, lina zuio au rehani. Hapo tena ndipo uhaulishaji hupitia, kwa idhini ya Bodi ya Uhaulishaji Ardhi chini ya sheria ya 1994, na ushuru wa stempu hulipwa Mamlaka ya Mapato Zanzibar (ZRA). Mkataba auandike mwanasheria, wa kwako, asiwe yule aliyeletwa na dalali. Gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na bei ya kiwanja, na ninashangaa kila mara kuona mtu anatoa mamilioni ya kiwanja na kuona uchungu kumlipa wakili.

Pesa zipite benki. Lipa kwa mafungu: sehemu kwenye kusaini, sehemu baada ya idhini, na fungu la mwisho jina lako likishaingia. Ukinunua nyumba yenye wapangaji, kaa na kila mpangaji umuulize amelipa kodi mpaka mwezi gani, na akuonyeshe risiti. Kwetu kodi hulipwa mbele, miezi mitatu, sita, hata mwaka. Muuzaji anaweza kuwa ameshaila kodi ya mwaka mzima, na wewe ukanunua nyumba usiyopata shilingi ndani yake mpaka Ramadhani ijayo.

Hatua ya sita: kujenga au kutengeneza

Chukua kibali cha ujenzi kabla ya msingi. Bila kibali unaweza kuamriwa kubomoa, na hakuna fidia.

Mchanga wa ujenzi Unguja huchimbwa kwa kibali na kwenye maeneo yaliyotengwa, kwa hiyo ni ghali na wakati mwingine unachelewa. Uweke kwenye hesabu mapema. Usikubali mchanga wa pwani, hata ukiletewa usiku kwa nusu bei: chumvi yake inakula nondo kutoka ndani, na baada ya miaka michache zege linapasuka na kumwaga vipande vyenye kutu. Kuchota huko pia kunaiangamiza pwani yetu wenyewe. Ukiwa karibu na bahari, nunua bati na misumari ya kustahimili chumvi.

Fundi mlipe kwa kazi iliyokamilika: msingi, kuta mpaka linta, kuezeka, lipu. Saruji nunua na uihesabu mwenyewe, au mtu wako. Jenga vyumba viwili vikamilike, viingie wapangaji, kodi yao isaidie cha tatu na cha nne. Nyumba ya vyumba vinane iliyosimama kwenye linta miaka sita haikuingizii kitu, na matofali yanaota majani.

Kila chumba kiwe na mita yake ya TUKUZA, ile ya umeme wa kulipia kabla, kama unaweza. Ugomvi mwingi wa wapangaji chanzo chake ni umeme wa pamoja: nani ana friji, nani anapiga pasi.

Hatua ya saba: mpangaji

Mkataba wa maandishi, hata kwa jamaa. Majina, kodi, tarehe, idadi ya watakaoishi, nani anatengeneza nini, notisi ya kuhama. Risiti kwa kila malipo. Kodi ya miezi sita ikiingia siku moja, igawe sita. Fedha za mwezi wa tano bado si zako. Tengeneza choo kikiharibika siku hiyo hiyo. Mpangaji mzuri anayekaa miaka minne ana faida kuliko kodi kubwa ya mtu wa miezi mitatu, na huyu ndiye atakayekuletea mwenzake chumba kikiwa wazi. Kodi ya mapato ya upangishaji ilipe TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania), uwe na kumbukumbu zako.

Mji Mkongwe na pwani, kwa baadaye

Nyumba za Mji Mkongwe zinavutia, na tangu 2000 mji uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Hapo huwezi kubadilisha dirisha, mlango wala kuongeza ghorofa bila idhini ya Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Kuta ni za mawe na chokaa, dari ni za boriti. Ukipaka lipu ya saruji juu ya chokaa, unyevu unafungiwa ndani na ukuta unaoza taratibu. Kuporomoka kwa sehemu ya jumba la Beit al Ajaib Disemba 2020 kulituonyesha sote jinsi majengo haya yanavyodai matunzo. Nunua huko ukiwa na fundi wa chokaa na pesa ya akiba.

Pwani ina sheria za umbali wa kujenga kutoka usawa wa maji ya bamvu, yaani maji yanapojaa sana, inahitaji ukaguzi wa mazingira, na kupangisha wageni kunahitaji leseni ya Kamisheni ya Utalii na malipo ya ZRA. Kuna na wenyeji: diko la wavuvi wanapotia vyombo vyao, akina mama wa mwani, njia ya watoto kwenda kuoga. Mwekezaji anayefunga njia hiyo kwa ukuta hujinunulia uadui wa kijiji kizima, na kijiji kina haki.

Ukishapata hati yako, toa nakala. Asili iwe benki au pahala pakavu pasipo na mchwa, nakala moja iwe kwa mwanasheria, nyingine kwa mkeo, mumeo au ndugu unayemuamini. Andika daftari moja lenye kila kiwanja, kila mpangaji, kila deni na kila mbia, na mtu wa pili nyumbani ajue lilipo.